Sura ya Sita: Ua Ukizidi Kimo

Ugomvi wa ua mrefu huanza na kivuli na kuishia kwenye mpaka. Ndivyo mambo yanavyokwenda huku Dagoretti, yaani Riruta, Waithaka, Mutuini, Ruthimitu na Uthiru, na ndiyo sababu nimeupa ugomvi huu sura yake peke yake, badala ya kuutaja pamoja na mbwa wanaobweka usiku na maji machafu yanayotiririkia kwa jirani. Mmoja analalamika kwamba ua umemzibia jua. Mwenzake anajibu kwamba ua ni wake na umesimama kwenye shamba lake. Jibu hilo likishatoka, habari ya urefu imekwisha. Sasa wanagombania ardhi, na kwa mtu wa Dagoretti hakuna ugomvi mzito kuliko huo.

Urefu wa ua ni jambo moja, na mstari ambao ua umepandwa juu yake ni jambo jingine. Wanaoyatenganisha mambo hayo mawili tangu siku ya kwanza hupatana, tena upesi. Wanaoyachanganya huishia kuajiri mawakili. Lakini huwezi kuyatenganisha kama hujui ua wa Dagoretti ni kitu gani hasa, maana si sawa na ua wa Karen au Lavington, ingawa ni mwendo wa matatu moja tu.

Karen na Lavington, mipaka ilipimwa na kuwekewa bikoni, na vipimo vyake vimeandikwa kwenye hati. Ua wa huko ni wa kujisitiri na kupendezesha. Ukiung'oa leo na kuupanda upya hatua mbili ndani ya shamba lako, mpaka haujasogea hata inchi. Dagoretti sivyo. Huku, katika mashamba mengi ya urithi, ua wenyewe ndio mpaka. Ukiung'oa umeondoa ushahidi, na huenda hakuna mwingine uliobaki.

Kabla ya wakoloni, Wakikuyu wa sehemu hizi walitambua mipaka ya githaka, yaani ardhi ya ukoo, kwa mito, mabonde, miti, na mmea uitwao itoka, yungiyungi lenye kitunguu kikubwa kinachong'ang'ania ardhini miaka na miaka. Jomo Kenyatta, aliyesoma Thogoto, umbali mfupi kutoka Dagoretti, alieleza katika Facing Mount Kenya, kitabu cha 1938, jinsi wazee walivyokutana kuweka alama hizo. Ninalolipenda katika desturi hiyo ni kwamba alama haikupandwa na mtu mmoja alfajiri jirani akiwa amelala. Ilipandwa mchana, mbele ya mashahidi, na mashahidi hao ndio walioitwa mambo yalipoharibika.

Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilitoa mpango uliopewa jina la Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika vya kila familia vilikusanywa pamoja vikawa shamba moja, likapimwa na kusajiliwa. Dagoretti ilikuwa bado ya Kiambu wakati huo. Iliingizwa ndani ya Nairobi mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka 1963. Ndiyo maana hati za huku bado zinasomeka Dagoretti/Riruta au Dagoretti/Waithaka, kisha nambari. Kazi ya kupima ilikwenda mbio, watu wengi wakiwa kizuizini, na vipimo havikuwa vya kutegemewa sana. Wenye mashamba wakatakiwa wapande ua kwenye mistari waliyoonyeshwa. Nia ilikuwa kwamba ua ukikomaa, ndege itapita juu na kupiga picha, na ramani itasahihishwa kwa kufuata ile mistari ya kijani inayoonekana kutoka angani.

Hapo, msomaji, ndipo penye kiini cha sura hii. Ramani ilikuwa iufuate ua. Bibi aliyepanda miche ya kayaba kwenye mstari wa shamba lake mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akichora ramani ya Kenya kwa jembe.

Sheria ya leo imerithi fikra hiyo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema kwamba ramani huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa mpaka uwe umethibitishwa rasmi na jambo hilo kuandikwa kwenye sajili. Kinasema pia kwamba mahakama haitasikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo, yaani kupitia msajili wa ardhi. Wengi hawalijui hili. Wanauza ng'ombe, wanalipa wakili, wanaingia mahakamani, halafu wanaambiwa warudi kwa msajili ambako wangeanzia. Kifungu cha 20 kinamtaka kila mwenye shamba atunze ua, mawe, ukuta au alama nyingine yoyote ya mpaka, na kinampa msajili uwezo wa kuagiza kwa maandishi ni nani kati ya majirani wawili atakayeitunza. Kifungu cha 21 kinaifanya kuwa kosa la jinai kuharibu au kuondoa alama hiyo. Tena anayefyeka ua wa mwenzake kwa hasira anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, kuharibu mali kwa nia mbaya, kosa ambalo kifungo chake kinafika miaka 5.

Kuhusu urefu, Sheria ya Usajili wa Ardhi haisemi neno. Inataka ua utunzwe. Haisemi uishie wapi.

Basi kwa nini watu huuacha ukapanda? Wezi ndio sababu ya kwanza, na si ya kudharauliwa. Ua wa kayaba ulioshikana vizuri, wenye miiba mirefu kama misumari, humzuia mwizi kuliko waya. Kuna wanaotaka faragha, hasa tangu nyumba za kupangisha za ghorofa tatu au nne zilipoanza kuchungulia nyua za watu. Kuna upepo, kuna vumbi la barabara, kuna kuni. Na mara nyingi kuna umri tu: aliyekuwa akiupunguza ua kila mwaka amezeeka au amefariki, na watoto wako Rongai au Marekani.

Upande wa pili nao una haki ya kulalamika. Ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100 ina upana wa kama mita 15. Ua ukinenepa mita 1 ndani ya ploti hiyo kwa urefu wake wote wa mita 30, umemeza mita 30 za mraba. Chumba cha mabati cha kupangisha Kawangware ni futi 10 kwa 10, mita 9 za mraba na kitu. Ua huo umekalia vyumba vitatu. Mtu anayetegemea kodi ya vyumba kulipa karo akiutazama haoni majani. Anaona kodi ya vyumba vitatu kila mwezi.

Halafu kuna jua. Nairobi iko karibu na ikweta, na adhuhuri jua huwa juu sana, kwa hiyo saa sita mchana kivuli cha ua huwa kifupi. Mateso ni ya asubuhi na jioni. Ua unaotoka kaskazini kwenda kusini ndio wenye lawama zaidi. Saa mbili asubuhi mwezi wa Julai, ua wa mita 5 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 10 upande wa magharibi. Hiyo ni sehemu kubwa ya upana wa ploti nzima. Julai ya Nairobi ni baridi na mawingu; jua la asubuhi, likijitokeza, ndilo linalokausha nguo na ukuta. Lakini ua unaotoka mashariki kwenda magharibi hautoi kivuli kirefu hivyo, na mtu anayeulalamikia huenda anasumbuliwa na jambo jingine. Kabla hujaenda kwa jirani, simama uani kwako saa mbili asubuhi utazame kivuli kinafika wapi. Ukienda na ukweli huo, utaongea kwa utulivu.

Uingereza walilazimika kutunga sheria juu ya jambo hili. Sheria yao ya 2003, iliyoanza kutumika kwa nyua mwaka 2005, inaruhusu mtu kuishtakia halmashauri ya mtaa ua wa miti isiyopukutisha majani unaozidi mita 2. Kipimo hicho kilitungwa kwa nchi ambayo jua lake huwa chini kusini kipindi chote cha baridi, na sioni sababu ya kukileta huku. Sehemu moja tu ningeiiga: halmashauri inaweza kumkataa mlalamikaji asiyeonyesha kwamba alijaribu kupatana na jirani yake kwanza.

Tuanze basi na kupatana. Nenda mwenyewe, usimtume mtoto wala mpangaji. Usiende na panga mkononi wala na mpimaji nyuma yako. Nenda jioni au Jumapili baada ya kanisa, na kama mwenye ua amekuzidi umri, yeye ni shosho au guka, yaani nyanya au babu. Ukimwita kwa jina lake tupu umeharibu kabla hujaketi. Na neno la kwanza liwe la mpaka, hata kama ulichokuja nacho ni kivuli. Mwondolee hofu. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Hodi, Mama Ciku."

"Karibu, Baba Njoro. Keti kwanza, chai iko."

"Asante. Nimekuja tuongee juu ya ule ua wetu. Mpaka sina shida nao, uko pale pale walipouacha wazee. Ni urefu tu. Asubuhi nguo za watoto hazikauki. Tungeupunguza ufike hapa begani, mimi nilete kijana wa kazi, wewe usimamie?"

"Begani ni chini, Baba Njoro. Mwaka jana wezi walipitia pale."

"Basi tuuache juu ya kichwa kidogo. Futi 7."

Futi 7 zinatosha. Mwizi hauruki kirahisi ua wa kayaba wa futi 7, na kivuli chake cha asubuhi ni chini ya nusu ya kile cha mita 5. Tazama pia kwamba Baba Njoro amejitolea kulipa kibarua. Sheria haikumlazimisha. Lakini shilingi za kibarua wa siku moja ni kidogo mno zikilinganishwa na nauli za kwenda mahakamani Milimani mwaka mzima.

Mkikubaliana, andikeni. Kiswahili kinatosha, Kikuyu kinatosha. Karatasi iwe na majina yenu na nambari za vitambulisho, nambari za mashamba yote mawili, aina ya mmea, urefu mliokubaliana, na unene wa kila upande ukipimwa kutoka katikati ya mashina. Hili la mashina lisikupite. Majani hutanda na matawi huegemea, lakini mstari wa mpaka hufuatwa kwenye mashina ya zamani, na penye pengo tafuta visiki. Andikeni nani atakata, mwezi gani, na matawi yatakuwa kuni za nani. Kisha andikeni kwa herufi kubwa kwamba kupunguza ua hakubadilishi mpaka. Mume na mke watie sahihi, mzee wa mtaa naye ashuhudie, na kila nyumba ibaki na nakala yake. Pigeni picha ua kabla ya kukata na baada ya kukata.

Kisha kateni kwa kuujua mmea. Kayaba huvumilia panga: ukiukata sana mwanzoni mwa mvua, utachipua na kushikana kuliko mwanzo. Mnyaa, ambao wengi huku huuita kariaria, nao huchipua, ila utomvu wake ukiingia machoni huchoma na unaweza kumpofusha mtu kwa muda. Mkataji avae miwani na mikono mirefu, watoto wakae mbali. Mseprasi ndio wenye hila. Haupendi kukatwa hadi kwenye mti mkavu usio na majani. Ukifika hapo hauchipui tena, na ua wenu utabaki na madirisha ya kahawia maisha yake yote. Punguzeni kilele, kisha pembeni kidogo kidogo kila mwaka, mkiacha majani mabichi kila mahali. Mkataba unaodai mseprasi wa futi 20 ushushwe hadi futi 5 kwa siku moja ni mkataba wa kuua ua, na ua ukifa mmerudi kwenye ugomvi wa ardhi. Wakongwe wanakumbuka wadudu wa mseprasi walioingia nchini mwaka 1990 na kukausha nyua nyingi. Ua uliokufa ukang'olewa bila mtu kuandika mstari ulipokuwa ndio mbegu ya kesi.

Jirani akikataa kabisa je? Unayo haki moja ya zamani. Katika kesi ya Lemmon na Webb, iliyoamuliwa na Mabwana wa Bunge la Uingereza mwishoni mwa 1894, ilikubaliwa kwamba mtu anaweza kukata matawi yaliyovuka na kuingia upande wake hata bila kumwarifu mwenye mti, mradi asikanyage ardhi ya mwenzake. Misingi hiyo ya sheria za Uingereza ilipokelewa Kenya, na hadi leo Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inaitambua kwa kadiri inavyofaa hali yetu. Matawi uliyokata ni ya mwenye mti, kwa hiyo mrudishie. Haki hiyo inaishia kwenye matawi yaliyo kwako. Haikuruhusu kukata kilele kilicho juu ya shina, wala kumwaga dawa mizizini. Nami nakushauri umwarifu hata kama sheria haikulazimishi. Sauti ya panga asubuhi na mapema, bila neno, imevunja ujirani wa miaka mingi.

Kuna pia haki ya mwanga. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Muda wa Mashtaka, Sura ya 22, kinamlinda mwenye jengo lililopata mwanga na hewa kwa amani, bila kukatizwa, kwa miaka 20. Ni ya jengo, si ya sukuma wiki wala kamba ya nguo, na kuithibitisha ni kazi. Nisingemshauri mtu aijengee kesi ya ua.

Hatua inayofuata ni mzee wa mtaa, kisha msaidizi wa chifu au chifu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro, na kikao chini ya mti ofisini kwa chifu kina uzito wa kijamii ambao barua ya wakili haina. Lakini chifu si msajili. Anaweza kuwapatanisha juu ya urefu. Hawezi kuwasogezea mpaka. Wazee wengi bado wanakumbuka mabaraza ya ardhi yaliyoundwa kwa sheria ya 1990, ambayo yalikuwa na mamlaka ya kuamua mipaka. Mabaraza hayo yalifutwa mwaka 2011. Kikao kikianza kupima kwa kamba, inuka kwa heshima uombe mambo ya mpaka yapelekwe kwa msajili.

Na kwa msajili ni Ardhi House, karibu na barabara ya Ngong. Unaandika barua ya kulalamikia mpaka, ukiambatanisha nakala ya hati na matokeo ya sachi, yaani upekuzi wa sajili. Ramani ya usajili, ile wapimaji huiita RIM, hupatikana Idara ya Upimaji, Ruaraka. Msajili hutoa ilani kwa pande zote, huja uwanjani na mpimaji, husikiliza wazee, hutazama mashina na visiki, kisha hutoa uamuzi. Mnaweza hata kumwomba athibitishe mpaka na kuuandika kwenye sajili, chini ya kifungu cha 19, ili usiwe tena wa makadirio. Kuna ada na kuna kusubiri. Lakini msajili hutumia kifungu cha 20, kile cha kuagiza nani atunze ua, mara chache mno kuliko inavyostahili, kwa sababu sisi wenyewe hatumwombi. Ombi la kuamua nani atunze ua ni dogo kuliko kesi ya mpaka, nalo lingeokoa familia nyingi.

Nasema familia kwa makusudi. Katika Dagoretti, jirani wa upande wa pili wa ua mara nyingi ni ndugu wa baba mmoja. Shamba la ekari 3 liligawanywa kwa wana wanne, kisha kwa wajukuu, na kila mgawanyo ukapanda ua mpya au ukaacha tu mtaro. Nyua hizi za ndani ndizo hatari zaidi, kwa kuwa nyingi zilipandwa kwa neno la mdomo la mzee ambaye hayupo tena, na mgawanyo haukufika kwenye sajili. Hapo usishughulike na kimo kabla ya mirathi. Malizeni urithi mahakamani, gawanyeni kwa hati, halafu mtakata ua mkiwa na amani.

Siku hizi mnunuzi wa ploti huja na mawe kabla ya kuja na salamu. Anataka ukuta, na wiki ya kwanza anachimba msingi kwenye mstari wa ua. Simlaumu kwa kutaka ukuta. Ila ukuta uliojengwa mahali pa ua ulioondolewa bila kipimo ni ugomvi uliomwagiwa simiti. Kama wewe ni mnunuzi, subiri msajili afike. Kama wewe ni jirani yake, mpe chai, mwonyeshe mashina, na umwombe asubiri. Na kama ua wenu ungali umesimama, mwite jirani kabla ya mvua za Machi, mpige picha mstari wote kutoka pembe hadi pembe, mwandike karatasi niliyoieleza, mkate hadi futi 7, na msikubali shina hata moja ling'olewe kabla mpaka haujaandikwa kwenye sajili.